Twaa moja, zingine pitisha

Ebu fikiri watu wazima nane, wengine mvi zimekwisha kuwatoka, wamekaa kuzunguka meza moja kule Marekani. Katikati ya meza iko kartoni ndogo. Imefungwa na nailoni ya kiwanda tangu mwaka 1996, na hakuna aliyeifungula mpaka leo. Mmoja anauliza: «Basi, tufungule?» Wengine wananyamaza. Kiisha mwingine anajibu polepole: «Tukifungula, imekwisha.»

Ndani ya kartoni ile hamna zahabu wala shaba. Mna karata za kuchezea tu, pakiti 36. Mwaka 1996 pakiti moja ilikuwa karibu dola 3 katika duka. Leo kartoni nzima, kama haijafungulwa bado, inaombwa maelfu ya dola. Lakini wale wanane hawakukusanyika juu ya biashara. Wanatamani kucheza tena namna walivyocheza wakiwa vijana. Na hapo ndipo shida yao inapoanza: ili wacheze, sharti wavunje kitu ambacho hakitarudi tena.

Watu wa namna hii wako kweli, Marekani na Ulaya, na si wachache. Tumewaza kwamba habari yao inafaa kusomwa katika jamaa zetu, hata kama mchezo wenyewe uko mbali na sisi. Twende polepole.

MCHEZO WENYEWE NI NINI?

Unaitwa Magic: The Gathering. Aliyeubuni ni Richard Garfield, Mmarekani mwenye elimu kubwa ya hesabu. Kompani ya Wizards of the Coast iliutoa mara ya kwanza mwezi wa nane 1993. Lakini karata zile za kwanza hazikupigwa chapa Marekani. Zilipigwa Ubelgiji, katika mji wa Turnhout, kwenye kiwanda cha Carta Mundi. Mji ule unajulikana juu ya kazi ya karata tangu karne ya 19.

Hizi si karata zile unazozijua za rwa, dame na vale. Kila moja ina picha yake, jina lake, na maneno yanayoeleza nguvu yake: huyu ni askari, huyu ni mnyama, hii ni radi. Kila mchezaji anaanza na pointi 20 za uzima, na anatafuta kumaliza zile za mwenzake. Karata ni za rangi tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Tena zinauzwa ndani ya pakiti iliyofungwa, hivi mnunuzi hajui atapata nini.

Mzazi atauliza mara moja: «Magic? Si ndio uchawi huo?» Ulizo hilo ni la haki, na Wamarekani wenyewe waliliuliza. Katika miaka ya 1990 wazazi na makanisa mengine walilalamika juu ya picha za pepo wabaya. Kuanzia mwaka 1995 kompani ikaacha kutoa karata zenye majina ya namna ile, na ikazirudisha mwaka 2002. Pia, sheria za mwanzo ziliruhusu kila mchezaji aweke karata moja ambayo mshindi ataibeba, kama vile kamari. Desturi ile iliachwa. Na kununua pakiti bila kujua kilicho ndani kunaweza kumshika mtu, akatumia feza ya chakula. Hatufichi mambo hayo. Kila jamaa ipime yenyewe. Lakini leo tunataka kuangalia jambo lingine, ni kusema ile hamu ya kurudilia mchezo wa zamani, na maana yake.

ASKARI, EKUNDU NA SHAUKU

Kartoni yetu ina jina: Mirage. Ilitoka mwezi wa kumi 1996. Mna aina 350 za karata, na alama yao ni mtende mdogo. Waliozitunga walikuwa kikundi cha marafiki ambao walimsaidia Garfield kujaribu mchezo tangu mwanzo.

Na sasa sikiliza vizuri. Inchi waliyoiwaza, wakaiita Jamuraa, waliifananisha na Afrika. Ina falme tatu: Zhalfir, Femeref na Suq'Ata. Mna simba, mamba na tembo, misitu mizito na jangwa. Mkubwa mmoja katika hadisi yake ni Teferi, mtu mweusi mwenye akili nyingi. Mwingine ni Mangara, mpatanishi ambaye adui yake Kaervek alimfunga kwa hila. Wakati ule, katika michezo ya namna hii, picha za watu weusi wenye cheo na heshima zilikuwa haba.

Halafu majina! Karata moja inaitwa Searing Spear Askari. Maneno mawili ya kwanza ni ya Kiingereza, maana yake mkuki wa kuunguza. Lile la tatu, wewe msomaji, huhitaji mtu wa kukutafsiria. Iko nyingine inaitwa Mtenda Lion. Iko Zuberi, jina ambalo mtu anaweza kumpa mtoto wake, lakini mule ndani Zuberi ni mnyama mwenye kichwa na mabawa ya tai na mwili wa simba. Mnyama mwingine wa aina ileile anaitwa Ekundu Griffin. Hapo mtoto wa masomo ya chini angepiga kelele: «Ekundu gani? Nyekundu ao mwekundu?» Na cha kuchekesha zaidi, karata yenyewe si nyekundu. Ni ya rangi nyeupe!

Tena iko mmoja, mnyonya damu wa kutisha, anayeitwa Shauku.

Karata za Mirage zilitolewa kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa luga zingine. Hivi vijana wa Marekani, Ufaransa na Ubelgiji walishika mkononi maneno ya Kiswahili, wakayatamka namna walivyoweza, na wengi hawakujua kwamba ni maneno ya watu walio hai, wanaoyasema kila siku sokoni. Sisi tunajua maana ya shauku. Ni tamaa kali ya moyo. Ndiyo inayowakalisha wale wanane mbele ya kartoni yao.

KUCHAGUA NA KUPITISHA

Kuna namna nyingi za kucheza karata hizi. Ile wanayoikumbuka zaidi wenyewe wanaiita drafti. Usichanganye na mchezo wa dame ambao wazee wanacheza chini ya muembe. Maana yake ni kuchagua na kupitisha.

Iko hivi. Watu nane wanakaa kwa kuzunguka meza. Kila mtu anapewa pakiti tatu, na kila pakiti ina karata 15. Wote wanafungula ya kwanza wakati mmoja. Unaangalia zile 15, unatwaa moja, unaiweka chini mbele yako, na 14 zinazobaki unampa jirani wa kushoto. Wakati uleule jirani wa kuume anakupa zake 14. Unatwaa moja, unapitisha 13. Mnaendelea hivi mpaka zinakwisha. Pakiti ya pili inapitishwa kwa kuume, ya tatu inarudi kushoto. Mwishoni kila mtu ana karata 45. Katika zile anachagua za kufaa, karibu 23, anaongeza karata za inchi, ambazo ndizo zinazotoa nguvu ya kulipia zile zingine, mpaka zinafika 40. Kiisha wanaanza kupambana.

Unaona utamu wake? Kwenye meza ile tajiri na maskini wako sawa. Hakuna aliyekuja na karata za bei kutoka nyumbani. Kila mtu anatengeneza silaha yake kutoka katika vitu vilevile vinavyopita mikononi mwa wote.

Tena ni mchezo wa kumsoma jirani bila kusema neno. Katika Mirage karata moja iliyopendwa sana ni Mwenge wa Kaervek, moto mwekundu unaoweza kuua mnyama ao kumaliza uzima wa mwenzako. Ni karata ya kawaida, si ya kuonekana kwa shida, lakini ina nguvu. Jirani wa kuume akikupitishia mwenge ule, amekuambia kitu: yeye hatafuti nyekundu. Njia iko wazi. Na mbele pakiti yako ya kwanza haijakwisha, itazunguka meza yote na kukurudilia. Itakuwa imebaki na karata 7. Nane hazimo: moja uliitwaa wewe, na zile saba zilizoondoka zinakuonyesha wenzako wanatafuta nini.

Mirage ilikuwa kati ya kartoni za kwanza kutungwa kwa kuwaza sana namna hii ya kucheza. Wanaoikumbuka wanasema juu ya wapanda farasi wake waliowalegeza wale wa kuwazuia. Wanasema juu ya yule mamba wa buluu, mkubwa na wa nguvu, mwenye kasoro moja: zamu hii yuko, zamu inayofuata ametoweka, kiisha anarudi tena. Si karata za ajabu. Leo ziko karata zenye nguvu kuzipita mara nyingi. Lakini mtu wa miaka 50 akimwona mamba yule, anakumbuka meza, anakumbuka chumba, na anakumbuka nani alikaa kuume kwake.

ALMASI ILIYOPITISHWA

Sasa tufike kwenye jambo lenye kuuma. Katika Mirage mna karata moja inaitwa Lion's Eye Diamond, ni kusema Almasi ya Jicho la Simba. Ukiitumia, inakupa nguvu tatu mara moja, lakini sharti uitoe yenyewe na utupe karata zako zote za mkononi. Mwaka 1996 wachezaji waliicheka. Nani atatupa mkono mzima? Ukiipata mezani, ulitwaa mwenge ao askari, na almasi ulimpitishia jirani. Naye akapitisha.

Miaka ikapita. Watu wenye akili wakagundua namna zingine za kucheza ambamo kutupa karata zote ni faida. Tena tangu mwaka 1996 kompani ilifanya ahadi kwamba karata fulani za zamani haitazipiga chapa tena, na almasi hii ni moja kati yao. Leo hiyo moja tu, karatasi ndogo kama kiganja, inauzwa mamia ya dola.

Sisi watu wa machimbo tunaelewa hadisi ya namna hii. Kilima cheusi cha Lubumbashi kilikuwa takataka ya matanuru ya shaba. Miaka mingi watu walipita mbele yake tu. Kiisha, karibu na mwaka 2000, mashini zikaanza kukichota, sababu mule ndani mlibaki kobalti.

Rudi sasa kwenye meza ya wale wanane. Tuseme wamefungula. Pakiti ya kwanza, na tazama, almasi iko kati ya zile 15. Kwa sheria ya mchezo si kitu. Mwenge unaipita mbali. Lakini nani ataweza kuipitisha? Mkono unatetemeka. Mtu aliyekuja kutafuta furaha ya ujana wake anajikuta anapiga hesabu ya kodi ya nyumba.

Karata ni zilezile. Meza ni ileile. Watu pia ni walewale. Kilichogeuka ni kwamba sasa wanajua. Mwaka 1996 wengi walikutana na karata hizi mara ya kwanza palepale mezani, wakauliza: «Hii inafanya nini?» Leo kila moja inajulikana, na bei yake pia. Karata za zamani unaweza kuzinunua, lakini ile hali ya kutojua haiuzwi popote.

Ndiyo maana vikundi vingine vinapatana mbele ya kuanza: karata yoyote ya bei itarudi kwa mwenye kartoni, ao mwishoni wataziweka zote chini na kugawanya upya kufuata ushindi. Namna hii mkono unapata uhuru wake. Mtu anaweza tena kutwaa mwenge na kuacha almasi ipite.

KUFUNGULA AO KUWEKA?

Kuna watu wanaosema: «Iwekeni!» Neno lao lina uzito. Kartoni za Mirage haziongezeki, zinapungua tu. Watu nane wakicheza mara moja, wanamaliza pakiti 24. Zinabaki 12, za kutosha watu wanne. Mchana mmoja, na kitu kilichodumu karibu miaka 30 kimekwisha. Tena bei inapanda. Kitu hicho kingesaidia masomo ya mtoto. Baba mwenye jamaa akiuza kartoni yake juu ya sababu hiyo, hakuna wa kumcheka.

Wengine wanasema: «Ifunguleni! Karata zilitengenezwa zichezwe.» Nao wana neno. Kartoni iliyofungwa ni ahadi tu. Ukiiweka miaka 30 mingine, nani atakuwa amebaki wa kukaa kuzunguka meza? Rafiki mmoja amehamia mbali, mwingine anagonjwa, mwingine amekwisha kuzikwa. Kartoni inaweza kungoja. Watu hawawezi.

Tukiulizwa sisi, tutasema kwamba wote wawili wanaangalia kartoni kupita kipimo. Yule anayeiweka anaiogopa, na yule anayeifungula anatumaini kwamba humo atakuta ujana wake. Haumo. Wala mwaka 1996 haukuwa mule ndani. Furaha ilikaa kwenye viti vya kuzunguka meza.

NJIA YA TATU

Wachezaji wengine wamepata akili nzuri. Wananunua karata za kawaida za Mirage, moja moja, zile zilizokwisha kuchezwa, ambazo wengi wanaziuza kwa senti tu. Wanakusanya mamia, wanazichanganya vizuri, na kuzigawanya vifungu vya karata 15, kama vile pakiti. Wanacheza namna ileile, wakitwaa moja na kupitisha zingine. Usiku, mchezo ukiisha, kila mtu anarudisha zake 45 ndani ya sanduku. Mwezi unaofuata wanarudilia tena. Sanduku hilo wenyewe wanaliita kyubu. Tena tangu mwaka 2005 Mirage iko kwenye kompyuta pia, hivi rafiki walio katika inchi mbalimbali wanaweza kukaa kwenye meza moja isiyoonekana.

Harufu ya pakiti mpya haiko. Ule mshituko wa kupasua karatasi hauko. Almasi labda haiko. Lakini wale nane wako. Wanabishana, wanacheka, wanalaumiana: «Wewe ndiye uliyenikatia nyekundu!» Na mtoto wa mmoja, mwenye miaka 14, anakalia kiti cha rafiki aliyekufa. Anashika karata na kuuliza: «Hii inafanya nini?» Mtoto huyo ni wa mfano tu, lakini mambo ya namna hiyo yanatokea nyumba kwa nyumba. Kwake yeye karata ni mpya. Wazee wanapata kuona tena mezani ile hali ya kutojua waliyoipoteza, mikononi mwa mtu mwingine.

NA WEWE, MSOMAJI?

Labda hutaona karata ya Mirage maisha yako yote. Haizuru. Lakini labda mna kabati nyumbani kwako lenye sahani nzuri zisizotoka kamwe, zinazongoja mgeni mkubwa. Labda iko gitaa ya baba ambayo watoto wanakatazwa kuigusa. Labda ni mchezo wa kisolo ambao babu alikufundisha, na wewe hujamfundisha mtu, sababu unasema siku zile zilikuwa siku, na vijana wa leo wana telefone tu.

Ninyi vijana pia: mchezo mnaoucheza leo barabarani, na wale mnaocheza nao, mtawatamani siku moja. Hamjui sasa nani kati yao ni almasi ambayo kila mtu anaipitisha. Mtazameni vizuri yule anayekaa kuume kwenu.

Hatusemi kila kitu kifungulwe, wala kila kitu kiuzwe. Tunasema tu: kabla hujatafuta kitu cha zamani, tafuta kwanza watu. Kama wako hai, waite. Kama wengine hawako tena, weka kiti na umuite mtoto. Kiisha fanyeni namna mlivyofanya zamani: kila mtu atwae moja, na zingine azipitishe.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Kitu gani cha zamani tunakiweka nyumbani bila kukitumia? Tunakiweka juu ya nani?

2. Ungekuwa mezani pale, na almasi ikafika mkononi mwako, ungefanya nini? Kila mtu ajibu kwa ukweli, wazazi pia.

3. Mchezo gani, wimbo gani ao kazi gani ya mkono babu ao nyanya alitufundisha, na hatujawapitishia wadogo bado?